Vigingi Sitini

Kijiwe chetu kiko Bigwa, mbele ya duka la ushirika, pale barabara ya mjini inapoishiwa lami na kuanza kupanda kuelekea milimani. Benchi lenyewe ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Alilileta Kasimiri, ambaye kwa miaka ishirini na saba alipanga mabehewa katika stesheni ya Kingolwira, na kwa hiyo tunamwita Reli. Pembeni yake hukaa Tomasi, aliyekata mkonge tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Huyo ni Mkonge. Stefano ndiye mdogo wetu, na jina lake ni Redio, kwa sababu anayo redio ya betri. Betri zilikwisha mwezi wa Saba, lakini yeye hakuacha kutangaza. Muuza kahawa anaitwa Makaa, na jina lake la kuzaliwa silijui. Mimi nafundisha hesabu katika sekondari ya mjini, nilisoma chuo kikuu, na wananiita Digrii, kwa sauti ambayo si sifa wala si tusi. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Kumi, mwaka 1975, saa nane mchana, wiki ile ile orodha ya viwanja ilipobandikwa.

Kijiji chetu kipya kilikuwa na vigingi sitini: safu sita, na kila safu viwanja kumi, ili kila safu iwe nyumba kumi chini ya balozi wake. Safu ya kwanza ilikuwa kando ya barabara, ya sita ilikuwa juu kabisa, mlimani. Mwezi wa Nne tulikutana pale uwanjani, watu wakapatana wenyewe, na kila kaya ikasimama kwenye kigingi chake. Reli alisimama kwenye kigingi cha kumi cha safu ya tatu. Kwenye cha tisa alisimama mama yake, Bibi Magdalena, ambaye macho yake yamepofuka mwaka wa nane sasa, na ambaye hutembea kwa kuhesabu hatua kutoka mlango wake hadi mlango wa mwanawe. Orodha iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ikasema vingine. Reli yuko safu ya sita, kiwanja cha saba. Mama yake yuko safu ya sita, kiwanja cha kwanza, ukingoni mwa korongo. Kati yao kuna nyumba tano. Ujenzi ungeanza Jumamosi, na tangazo lilisema kwamba aliyekwisha kuchimba msingi hatahamishwa tena.

Mimi nilijua tangu Jumanne kosa liko wapi na ni la nani. Sikusema. Nilikunywa kahawa.

Redio alikuwa ameinakili orodha nzima nyuma ya kalenda kuukuu ya ushirika, akaitandaza magotini.

Redio: Nimeipitia mara tatu, wazee wangu. Kaya sitini. Hamsini na nane zimehama. Mbili tu hazikuhama.

Mkonge: Zitaje.

Redio: Yohana mwenyekiti, safu ya kwanza, kiwanja cha kwanza, bomba la maji mlangoni. Mwezi wa Nne alikuwa hapo, leo yuko hapo. Na shemeji yake, safu ya sita, kiwanja cha kumi, mfereji wa mlimani unampita jikoni. Naye hakusogea hata unyayo.

Mkonge: Basi kesi imekwisha. Damu nzito kuliko maji.

Makaa: Shemeji si damu, Mkonge.

Mkonge: Ndiyo maana kapewa maji.

Reli hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, ingawa jua lilikuwa kali.

Reli: Mimi sina shida na mfereji wa mtu. Nataka kujua mama yangu atavukaje nyumba tano kuja kula.

Mkonge: Atavushwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenyekiti hajavunjika popote, maana yake mkuu ni yeye, na la kwake ndilo linalosikika.

Redio: Methali hiyo haiendi hivyo.

Mkonge: Inaenda ikisukumwa.

Makaa alipitisha kashata. Karanga zake hutoka Gairo, na huwa anasema hivyo kila siku kama vile tungedhani zimetoka mbinguni.

Makaa: Mimi namwonea huruma Yohana. Orodha hii haikutoka kwake. Imetoka Dar, kwenye ile mashine ya kompyuta. Wilaya ilitaka orodha za kupigwa chapa na mashine. Mimi nimeiona karatasi yenyewe mikononi mwa mlinzi wa ofisi. Ndefu kama kanga iliyofumuliwa, ina matundu pembeni.

Mkonge: Matundu ya nini?

Makaa: Nami ndilo ninalouliza.

Redio: Ni ya kupitishia siri. Jina linaingia kwa mbele, linatokea mahali pengine.

Mkonge: Na mashine hiyo nani aliiunda? Mabeberu. Sisi tunawafukuza mlangoni, wao wanarudi kwenye nyaya. Fikirini: mabeberu wanaogopa nini katika ujamaa? Wanaogopa ndugu kukaa pamoja. Sasa tazama kazi ya mashine yao. Redio, taja waliokuwa majirani.

Redio: Mimi nilikuwa safu ya kwanza, kiwanja cha pili, naosha uso kwa maji ya mwenyekiti. Leo niko cha saba. Fransisko na kaka yake wametengwa. Bibi Mwamvita na mkwewe wametengwa.

Mkonge: Hao washukuru.

Redio: Reli na mama yake wametengwa. Nimewatafuta wawili tu waliobaki bega kwa bega kama walivyosimama mwezi wa Nne, sijawapata. Hata wawili.

Hapo palikuwa na ukweli, na nilimtazama. Redio hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alikuwa amegundua jambo ambalo mtu hubuni mtihani kulitafuta. Alikunja tu sura na kulipeleka upande mwingine.

Redio: Kuchanganya watu hivi bila kubakiza hata jozi moja, hiyo si bahati mbaya. Bahati mbaya husahau wengine. Hii haikusahau mtu.

Mkonge: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mashine hii imelelewa na makaburu.

Makaa: Mimi nasema ulanga.

Tulimgeukia. Makaa huwa anangoja mpaka wenzake wachoke.

Makaa: Zamani za Mwingereza walichimba ulanga, yale mawe yanayong'aa kama kioo, huko juu, nyie mnajua. Babu yangu alibeba magunia. Waliondoka na ramani. Sasa chini ya safu zetu kuna ulanga, labda na rubi. Wanataka kila mtu akae juu ya kiwanja asichokizoea. Ukilala mahali ulipochagua mwenyewe, unasikia ardhi ikichimbwa chini yako. Ukilala mahali pageni, unadhani ni panya.

Reli: Mama yangu atadhani ni panya.

Makaa: Ndiyo wanachotaka.

Redio: Lakini kwa nini mwenyekiti na shemeji wasihamishwe?

Makaa: Hao ndio wanaokaa kwenye milango ya shimo. Mmoja wa kuingilia, mmoja wa kutokea. Pembe kwa pembe. Tazama mwenyewe.

Redio aliitazama kalenda. Pembe kwa pembe, kweli. Nikaona wote watatu wanaingiwa na baridi ndogo ya mtu aliyeambiwa uongo unaolingana na vipimo.

Mkonge: Alisema nani kwamba huyu anauza kahawa tu?

Makaa: Tena nimechunguza namba. Redio, wewe ulikuwa jirani wa mwenyekiti. Kwenye orodha yeye ni wa kwanza, wewe ni wa saba. Mmeachana sita. Reli, wewe ni wa hamsini na saba, mama ni wa hamsini na moja. Sita. Fransisko na kaka yake, nimewahesabu, sita. Digrii, wewe ni mtu wa namba na leo umekaa kama mgeni. Sita ni namba ya nani?

Nilikuwa na chaguo la kusema sijui. Nilisema kidogo zaidi ya hapo, na nilijua kwamba ni kidogo.

— Sita ni idadi ya safu, nilisema.

Mkonge: Umeona? Hata Digrii anaogopa kulitaja jina.

Lakini Reli aliweka kikombe chini. Alikaa akitazama barabara, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Reli: Rudia, Digrii.

— Safu ni sita. Namba wanazoachana majirani ni sita.

Reli: Njia sita.

Redio: Njia gani, mzee?

Reli: Nyamazeni kidogo. Nina uwanja wa stesheni. Njia sita, kila njia mabehewa kumi. Yamepangwa vizuri: ng'ombe njia hii, saruji njia ile. Sasa anakuja mkubwa mmoja, ananiambia, Kasimiri, niungie treni moja. Mimi naweza kuvuta njia ya kwanza yote, kisha ya pili yote. Hivyo ndivyo angefanya mtu yeyote. Lakini naweza pia kuvuta behewa la kwanza la kila njia, sita. Halafu la pili la kila njia, sita. Halafu la tatu. Mpaka yaishe.

Mkonge: Kazi ya kichaa.

Reli: Kazi ya kichaa, lakini mabehewa yote sitini yapo. Hakuna lililopotea, hakuna lililoibiwa. Treni inakwenda. Sasa mpangaji wa stesheni inakofikia hajui mimi nilivyovuta. Yeye anaona treni tu. Anahesabu kumi, anakata, anasukuma njia ya kwanza. Anahesabu kumi, anakata, njia ya pili. Njia sita, mabehewa kumi kumi, hesabu imetimia, anasaini.

Redio: Na kilichomo?

Reli: Ng'ombe wanakwenda kushushwa kwenye ghala la saruji.

Makaa aliacha kumimina. Reli alichukua punje za karanga zilizodondoka kwenye sinia, akazipanga juu ya taruma, mistari miwili ya punje tatu tatu. Akazivuta moja ya juu, moja ya chini, moja ya juu, moja ya chini, zikawa mstari mmoja. Kisha akazikata tatu tatu. Punje ya pili ya mstari wa juu ilikuwa imesogea mahali pa tatu, na punje iliyoanza mstari wa chini ilikuwa imepanda juu.

Redio: Na ya kwanza haikutoka.

Reli: Ya kwanza huwa ya kwanza. Ya mwisho huwa ya mwisho. Hizo mbili hazina pa kwenda, hata mvutaji angetaka.

Redio: Yaani Yohana na shemeji yake.

Reli: Ndivyo nionavyo.

Mkonge: Punje za karanga zisikudanganye, Reli. Mwenye mshumaa hali giza.

Redio: Hiyo methali umeitunga sasa hivi.

Mkonge: Ziko nyingi.

Reli: Tuipime. Mwezi wa Nne tulikuwa wote pale. Walioanza kila safu, kigingi cha kwanza, ni akina nani? Safu ya kwanza, Yohana. Ya pili?

Makaa: Felista, mama wa maandazi. Nilimuuzia kahawa pale pale.

Reli: Ya tatu, Fransisko fundi cherehani. Ya nne?

Redio: Alois. Alikuwa anagombana na kigingi, eti kimepinda.

Reli: Ya tano, Mwaisha. Na ya sita, kwenye korongo?

Wote wakamtazama Mkonge, ambaye alikuwa ameanza kufuta kikombe kisicho chake.

Reli: Ya sita ulikuwa wewe, Tomasi. Ulisema mbele ya watu kwamba mtu aliyekata mkonge miaka kumi na mitano haogopi korongo.

Mkonge: Nilisema mengi siku ile.

Reli: Redio, soma majina sita ya kwanza kwenye orodha yako.

Redio alisoma polepole, akiweka kidole chini ya kila jina. Yohana. Felista. Fransisko. Alois. Mwaisha. Tomasi.

Redio: Na Tomasi wa sita maana yake ni safu ya kwanza, kiwanja cha sita. Barabarani. Mkonge, siku tatu unalia na sisi hapa kuhusu mabeberu, kumbe wamekutoa korongoni wakakuweka barabarani?

Mkonge: Sikuulizwa.

Redio: Ulisema wote tumeumizwa.

Mkonge: Nimeumizwa kwa kutengwa nanyi. Na nimeshachimba choo, futi saba. Mtu hachimbi futi saba kwa furaha.

Ndipo walipofika Filomena, mke wa Reli, na Bibi Magdalena nyuma yake, mkono wake ukiwa begani mwa mkwe. Walikuwa wametoka kukitazama kile kiwanja cha juu. Tulimwamkia wote pamoja, shikamoo mama, naye akatujibu mmoja mmoja kwa majina, kwa kufuata sauti. Tulimpisha katikati ya benchi.

Bibi Magdalena: Nimekwenda kukiona kiwanja changu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakusema ili tucheke.

Bibi Magdalena: Toka kigingi mpaka ukingo ni hatua kumi na moja. Filomena alinishika nguo kwa nyuma. Jiwe nililolitupa sikulisikia likifika upesi.

Filomena: Nimemwambia atalala kwetu, mama hataki.

Bibi Magdalena: Mtu mwenye nyumba yake anakaribishwa. Asiye na nyumba anavumiliwa. Kasimiri, umepata nini?

Reli alimweleza habari ya njia sita na mabehewa. Alimshika kidole na kumpitisha juu ya punje za karanga, mstari mmoja, kisha mistari miwili. Bibi aliziachia, akafikiri.

Bibi Magdalena: Basi safu yetu imo humo humo, imetapanywa tu.

Reli: Imo. Sijui namna ya kuitoa.

— Anzeni na jina la tatu, nilisema. Kisha rukeni sita sita. La tisa, la kumi na tano, hivyo hivyo mpaka hamsini na saba. Yatakuwa majina kumi. Hiyo ndiyo safu ya tatu, kwa mpangilio wake.

Redio aligeuka kunitazama, na sikuipenda namna alivyonitazama, ingawa ilikuwa haki yake.

Redio: Umelipata upesi, Digrii. Sisi siku tatu.

Bibi Magdalena: Soma wewe.

Redio: La tatu, Fransisko.

Bibi Magdalena: Huyo alikuwa mbali kabisa, mwanzo. Alikuwa anapiga mluzi.

Redio: La tisa, Josephina.

Bibi Magdalena: Mtoto wake alilia tangu mwanzo hadi mwisho.

Redio: La kumi na tano, kaka yake Fransisko. Hapana, ngoja. Ndiyo, yeye.

Bibi Magdalena: Josephina aliingia kati yao kwa sababu walikuwa wamenuniana. Siku ya pili wakapatana, wakabadilishana na Josephina.

Redio: Orodha iliandikwa siku ya kwanza?

— Siku ya kwanza, nilisema.

Makaa: Lakini mimi niliwahesabu hao ndugu, wameachana sita.

Redio: Wa tatu na wa kumi na tano. Ni kumi na mbili.

Makaa: Nilihesabu kwa kichwa huku namimina.

Wakaendelea. La ishirini na moja alikuwa mzee mwenye kikohozi. Bibi alikitaja kikohozi kabla jina halijasomwa. La ishirini na saba alikuwa na mbuzi. La thelathini na tatu, la thelathini na tisa, wote walikuja kwa mpangilio, na kila mmoja Bibi alikuwa na sauti yake: mmoja aliyekuwa akitema mate, mmoja aliyeomba maji. Watu wawili waliokuwa wakipita na matenga ya kabeji kutoka mlimani walisimama wakasikiliza.

Redio: La arobaini na tano.

Kidole chake kilisimama chini ya jina. Kisha akalisoma kwa sauti ya chini.

Redio: Angelina.

Mimi nilikuwa kazini siku ile ya mwezi wa Nne. Mke wangu ndiye aliyesimama kwenye kigingi chetu, cha nane, na ndiyo maana jina lililoandikwa ni lake.

Bibi Magdalena: Huyo aliniongoza. Kigingi changu hakikuwa kimepigwa sawasawa. Aliinama akauweka mkono wangu juu yake, akaniambia, mama, kitu chako hiki hapa, mimi niko upande wako wa kushoto. Endelea.

Redio: Hamsini na moja, Magdalena. Hamsini na saba, Kasimiri.

Reli alivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Filomena alikaa chini kwenye majani. Kwa muda ilionekana kwamba mambo yamekwisha.

Bibi Magdalena: Sasa niambieni jambo moja. Karatasi ya mkutano aliipeleka nani Dar?

Redio: Mwenyekiti, bila shaka.

Makaa: Mwenyekiti hakutoka kijijini mwezi ule wa Nane, alikuwa na jipu. Labda karani.

Mkonge: Karani haendi hata mjini bila barua. Kuna mzungu alipita na pikipiki mwezi wa Nane.

Redio: Yule alikuwa anauliza njia ya misheni.

Mkonge: Ndivyo wanavyouliza.

Bibi Magdalena: Yaani hamjui.

Ni kweli, hawakujua. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumshuku. Nilingoja mpaka watu wa kabeji wakaondoka. Baadaye niliona kwamba hilo pia lilikuwa woga.

— Niliipeleka mimi, mama.

Alinigeuzia uso.

— Nina mwenzangu niliyesoma naye, anafanya kazi kwenye mashine hiyo. Karani aliniomba. Nililichora jedwali vizuri, safu sita, viwanja kumi. Mashine inapohifadhi jedwali hushuka kwanza, safu wima moja baada ya nyingine. Haikukosea, ndiyo desturi yake. Ikanipa majina sitini kwenye utepe mmoja wa karatasi. Kazi yangu ilikuwa kuandika juu yake mstari mmoja, kwamba majina haya yasomwe kwa kushuka, sita sita. Karani angeelewa. Sikuuandika. Nilimpa mlinzi wa ofisi utepe, nikaenda zangu.

Redio: Hukuuandika kwa nini?

— Nilishuka kwenye basi nikaambiwa niende hospitali kwanza.

Hakuna aliyeuliza hospitali ya nini. Walikuwepo wote makaburini, mwezi wa Nane, Mkonge akiwa na jembe.

Redio: Ulijua lini kwamba ndilo kosa?

— Jumanne, nilipoiona ukutani.

Redio: Jumanne. Leo Alhamisi. Umekaa hapa unatusikiliza tukichimba ulanga.

— Ndiyo.

Redio: Na Yohana tumemtukana siku tatu.

— Ndiyo. Nilitaka kwanza nihakikishe. Nilihakikisha Jumanne ile ile.

Mtu anaweza kuwa amezika mke na bado akawa amemwacha kikongwe kipofu hatua kumi na moja kutoka korongoni, kwa siku mbili, kwa sababu hataki watu wamwulize alikuwa anafikiri nini. Mambo hayo mawili hayafutani.

Makaa alimimina kahawa iliyobaki katika kikombe cha Reli, ikawa nusu, na hakuuliza nani alipe.

Reli: Kule Kingolwira, mtu akikosea njia, hatukuanza na sababu. Ukianza na sababu, treni ya saa kumi inakuja mabehewa bado yako njia mbaya. Tulimwambia shika kibendera, yarudishe. Sababu iliandikwa baadaye, kwenye kitabu, na yeye mwenyewe.

— Nitaiandika.

Reli: Najua utaiandika. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

Mkonge: Lakini tufikiri kwanza. Haraka haraka haina baraka. Watu wameshajipanga kwa orodha hii. Wengine wameshachimba.

Filomena: Nani mwingine ameshachimba, kaka Tomasi?

Mkonge alirudi kukifuta kikombe.

Redio: Mimi kwa upande wangu bado namshuku Yohana.

Makaa: Kwa lipi tena?

Redio: Kiwanja cha kwanza alikichagua mwenyewe, mwezi wa Nne. Alijuaje kwamba ndicho kisichohama?

Makaa alifikiri, na niliona jambo hilo linaanza kumwingia. Mkonge alinyanyua kichwa kama mtu aliyetupiwa kamba.

Mkonge: Hilo ni swali. Mficha uchi hazai.

Redio: Hata hii haiendi hapa.

Bibi Magdalena alikuwa ameshasimama. Alijinyoosha nguo, akageuza uso upande wa barabara, kule ofisi mpya ya kijiji ilikohamia wiki mbili zilizopita.

Bibi Magdalena: Hiyo ofisi, mlango wake uko upande gani?

Redio alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake asubuhi nzima akinakili majina, na ukutani hapakuwa na mlango. Makaa alisema labda nyuma. Mkonge alisema ofisi nyingine huwekwa mlango upande ambao watu hawafiki, makusudi. Reli alimtazama mkewe, naye akatikisa kichwa. Mimi niliupeleka utepe mpaka kwa mlinzi tu, penye ofisi ya zamani.

Bibi alingoja jibu kwa muda wa kutosha. Kisha akanyoosha mkono, akalitafuta bega langu, akalipata, na tukaenda kuutafuta mlango.